Pikapu Ikiangalia Mlima

Jumamosi, 5 Aprili

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Pikapu yetu ikikataa kuwaka, mimi hufurahi. Si furaha ya kucheka. Ni kitu kidogo kinachonigonga kifuani, kama vile mwalimu anapoandika ubaoni swali ambalo hakuna mtu darasani amewahi kuliona. Watu wote hushuka, Mama hufungua boneti, nami huruhusiwa kutazama ndani bila mtu kuniuliza kama nimemaliza kuosha vyombo.

Leo imekataa tena, langoni kwa Chesang. Chesang ndiye mwenye ng'ombe wengi zaidi katika njia yetu. Kila asubuhi Mama hupita kwenye mashamba ya huku juu, anapakia mikebe ya maziwa, kisha anateremka nayo hadi kituo cha Njoro penye tangi la kupozea. Shule zimefungwa, kwa hivyo naenda naye. Pikapu ni ya Guka, baba yake Baba, na ni ya zamani kuliko Baba mwenyewe. Baba hufanya kazi Gilgil na huja mwisho wa mwezi.

Inavyokataa ni hivi. Mama anazungusha ufunguo, tunasikia "tak" moja, kisha kimya. Haikohoi, haizunguki polepole kama gari lenye betri iliyochoka. Taa zinawaka vizuri, honi inalia. Leo tuliita watu, wakaisukuma kinyumenyume hadi mahali papana, tukaigeuza iangalie bonde, ikateremka, Mama akaachilia klachi, ikanguruma. Chesang alikuwa tayari ametuletea chai kwenye vikombe vya bati.

"Hii gari yenu inajua saa ya chai yangu," alisema. "Siku ingine msiidanganye, kujeni tu."

Mama alicheka, lakini alikunywa chai hiyo akiwa amesimama.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kubwa. Iliwaka kila mahali.

Ijumaa, 11 Aprili

Bethwel alikuja nyumbani. Ni makanika wa Njoro ambaye amekuwa akiitibu pikapu hii tangu mwaka jana. Ameshabadilisha stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Betri nayo ni mpya. Leo alizungusha ufunguo, gari likawaka mara ya kwanza. Akalizima, akaliwasha tena, likawaka. Akarudia mpaka Guka akatoka nje kuuliza nani anachezea gari.

"Mathe, hii gari haina shida," Bethwel alimwambia Mama. "Ni mvua. Maji inaingia kwa waya. Funika na nailoni."

Kisha akala ndizi mbili, akaenda. Mama alimwamini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji na nilitaka kuuliza: kama ni mvua, mbona Jumanne iliwaka? Sikuuliza. Nimeamua tu kwamba Bethwel ni mtu wa kusema chochote ili aondoke.

Jumatatu, 14 Aprili

Niliamka mapema nikafunika nyaya zote za injini kwa mifuko ya mkate. Kwa Chesang ikakataa. Ardhi ilikuwa kavu hadi vumbi linatimka. Niliondoa mifuko yangu kabla mtu hajaiona.

Alhamisi, 17 Aprili

Iliwaka. Nimeanza kuandika kila siku mahali ilipokataa na hali ya hewa, nyuma ya kitabu cha fizikia.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa letu liko kwenye mteremko, na leo magari yalikuwa mengi. Niliyatazama wakati wa matangazo. Yote ya zamani yalikuwa yamepangwa yakiangalia bonde, kama ng'ombe wanaosubiri kunywa maji. Huku kwetu ndivyo watu wanavyofunzwa. Guka alimfundisha Mama kuegesha kabla ya kumfundisha kutazama kioo: gari la zamani hulala likiangalia chini, ili likikataa uliachilie tu lijiwashe kwa uzito wake. Mtu akiacha gari bovu likiangalia mlima, watu humwuliza kama amelelewa tambarare.

Baada ya ibada pikapu iliwaka bila neno. Mama alivaa gauni la kijani. Aliendesha mkono mmoja ukiwa nje ya dirisha, nami nikafikiri kwamba sijui mwanamke mwingine huku juu anayeendesha hivyo.

Jumatano, 23 Aprili

Leo sikufurahi.

Shamba la mwisho katika njia yetu liko karibu na msitu, ambapo barabara inapanda na hakuna nyumba za jirani. Mvua ilikuwa imeanza kabla ya alfajiri. Tulipakia mikebe, mikebe yote mingine ikiwa tayari nyuma, Mama akazungusha ufunguo. Tak. Akarudia. Tak. Mwenye shamba ni mzee na mkewe anaumwa miguu. Mimi na Mama tulijaribu kusukuma, tukateleza kwenye matope, nikaanguka kwa magoti, Mama akaanguka juu yangu. Kwanza tulicheka. Kisha tukajaribu tena, na hatukucheka tena.

Tulikaa ndani tukisubiri. Mama aliangalia mbele tu, mikono kwenye usukani, kana kwamba anaendesha. Jua lilitoka, likaanza kupiga mikebe. Ndipo nilipotambua kuwa Mama hana wasiwasi na gari hata kidogo. Alikuwa akisikiliza maziwa.

Hatimaye lori la viazi lilitokea likatuvuta hadi juu ya kilima. Tulipofika Njoro karani wa kituo alichukua maziwa kidogo kwa kijiko, akachanganya na spiriti, yakaganda. Mkebe wa pili, yakaganda, maana yake yameanza kuchacha. Akafunika mikebe yetu kwa upole kama anayefunika mgonjwa, akatikisa kichwa.

Kwa Mama, maziwa yaliyokataliwa hayamwagwi njiani. Hurudishwa kwa mwenyewe, lango kwa lango, ayaone kwa macho yake. Tulirudi juu hivyo, kila lango Mama akishuka, akieleza kwa maneno yale yale, akiomba radhi. Wengine walisema pole. Mmoja aliuliza kama yule kijana wa pikipiki anayeshindana nasi bado anabeba maziwa. Chesang alichungulia ndani ya mkebe wake, akasema, "Ndama hawajui kusoma saa. Watakunywa."

Jioni Guka alisikiliza yote. Kisha akasema kwamba likikataa tena mpaka mtu apate hasara, atamwita Kihara. Kihara hununua magari ya zamani huko Rongai na kuyakata vipuri. Guka hakusema kwa hasira. Niliona ni mkatili hata hivyo.

Pikapu ikienda, Mama atarudi kwenye mashamba ya maua Naivasha. Alikuwa huko nilipokuwa mdogo. Namkumbuka wa miaka hiyo kama mtu anayefika na mkate na kuondoka kabla sijaamka.

Jumanne, 29 Aprili

Shule zimefunguliwa. Mimi ni wa kutwa, kwa hivyo asubuhi Mama ananishusha langoni pamoja na harufu ya maziwa. Niko kidato cha tatu na tunaanza umeme muhula huu. Nimeshausoma likizo yote. Kitabu kinasema umeme hauendi tu. Lazima urudi ulikotoka, au hauendi kabisa. Sentensi hiyo nimeisoma mpaka nimeiota.

Jumamosi, 3 Mei

Imekataa Njoro kwenyewe, kwenye kile kipandio cha kituo ambapo magari hupanda ili kushusha mikebe. Jua kali. Hakuna mvua, hakuna Chesang, na mikebe ilikuwa imeshashushwa. Nilikuwa nimewaza mvua, nikawaza joto la injini, nikawaza uzito wa maziwa. Jumatano ile karibu na msitu iliendelea kukataa hata injini ilipopoa. Leo imekataa ikiwa tupu. Sina wazo lililobaki.

Lakini kuna kitu. Mama alijaribu ufunguo mara nyingi mfululizo huku mimi nikiwa nimeinama ndani ya boneti. Niligusa ule waya mwembamba wa choki, unaotoka kwenye dashibodi hadi kwenye injini. Ulikuwa moto. Niliondoa mkono haraka. Huo si waya wa umeme. Ni chuma cha kuvutia choki tu, kupunguza hewa injini ikiwa baridi. Kwa nini upate moto?

Vijana wa kituo walitusukuma. Mmoja alimwambia Mama, "Mathe, hii weka kwa makumbusho, watu walipe waingie." Mama alimjibu kwamba kijana mwenyewe ndiye atakuwa wa kwanza kulipa, maana hajawahi kuona kazi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimezungumza na Mwalimu Masinde wa fizikia. Naandika hivyo kwa kalamu nzito kwa sababu ni mara yangu ya kwanza kwenda ofisi ya walimu bila kuitwa. Nilisimama mlangoni mpaka akauliza kama nimetumwa. Nilimweleza kuhusu tak, taa zinazowaka, na waya wa choki unaopata moto. Alikuwa anasahihisha, akaacha kusahihisha.

"Umeme uko na haraka ya kurudi nyumbani," alisema. "Ukifungiwa mlango, utapitia dirisha. Dirisha lenu ni huo waya wa choki. Sasa, mlango uko wapi?"

Hakunipa jibu. Alinipa voltimita ya maabara, ile yenye mshale, nikaahidi kuirudisha nzima. Nimeibeba nyumbani ndani ya sweta kama yai.

Ijumaa, 9 Mei

Mlango ni waya wa athi. Ndivyo mafundi wanavyouita: waya unaorudisha umeme kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi ya gari, na kutoka hapo hadi kwenye betri. Injini yetu imekaa juu ya vipande vya mpira vya kuzuia mtikisiko, haigusi bodi, kwa hivyo bila athi stata haina njia ya kurudisha umeme. Taa ziko kwenye bodi, ndiyo maana haziumwi. Nimeichora picha yote ukurasa mzima.

Jumamosi, 10 Mei

Nilipima. Ncha moja ya voltimita kwenye betri upande wa hasi, nyingine kwenye chuma cha injini, Mama akawasha. Kama athi ni mbovu mshale unapaswa kuruka. Haukuruka. Ulitikisika kidogo tu na gari likawaka kama la jana kutoka kiwandani. Nilipima tena na tena hapo uani. Athi ni nzima.

Mama aliuliza, "Sasa?" Nikasema sijui. Akaniambia nile.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Imekataa kwa Chesang. Chai.

Jumamosi, 17 Mei

Lazima niandike hili haraka kabla halijapoa.

Kwa Chesang tena. Tak. Watoto walikuja wakaisukuma kinyumenyume, tukaigeuza iangalie bonde kama kawaida. Siku zote Mama huacha ufunguo wazi na kungoja iteremke, hajishughulishi na stata. Leo watoto walikuwa wanagombana nani asukume upande gani, na Mama, kwa mazoea ya mkono tu, akazungusha ufunguo hadi mwisho.

Ikawaka. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Watoto walipiga mbinja. Chesang alisema gari limeona haya. Mama mwenyewe alicheka hadi akafuta macho. Mimi nilikuwa nimesimama na mkebe mtupu mkononi nikiangalia barabara. Langoni kwa Chesang gari husimama likiangalia mlima. Shamba la mwisho, mlima. Kipandio cha Njoro, mlima. Nyumbani kwetu, bonde. Kanisani, bonde. Nilitoa kitabu cha fizikia kwenye begi na kupitia nilichoandika nyuma. Hakuna hata siku moja ilipokataa ikiangalia chini.

Sasa nimemwelewa Bethwel. Hakutudanganya. Kila alipokuja gari lilikuwa uani, limelala jinsi Guka alivyotufundisha, na likiwa limelala hivyo haliugui. Tulikuwa tukimwita daktari na kumwonyesha mgonjwa siku anazokuwa mzima. Na mimi mwenye voltimita nilifanya kosa lile lile alilofanya yeye, tena baada ya kumdharau.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwomba Mama tuiegeshe ikiangalia mlima ili nipime. Alikataa kabla sijamaliza.

Nilimweleza. Aliniambia anaelewa, lakini kama nimekosea, gari litakwama hapo, na asubuhi maziwa ya watu yanangoja malangoni. Nilisema sijakosea. Akasema hata wiki iliyopita nilisema ni athi, nikapima, nikapata ni nzima. Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli. Nilisema neno baya. Nilisema afadhali basi arudi Naivasha kama hataki kujaribu.

Hakunipiga. Aliinua beseni la nguo akatoka.

Baadaye nilimsaidia kuanika. Alisema, bila kunitazama, kwamba Guka ameshampigia Kihara. Anakuja Jumamosi. Jumanne ile Mama alipochelewa kwa Chesang, Guka alisimama barabarani kwenye mvua akimngoja, bila kofia, na siku iliyofuata akakohoa. "Anaogopa nitakwama kule msituni siku moja, peke yangu," Mama alisema. "Si gari anachukia." Nilikuwa nimemwita Guka mkatili. Sikujua alikuwa amesimama kwenye mvua.

Jumatano, 21 Mei

Iliwaka. Hatukuzungumza njiani. Aliponishusha shuleni alinirekebisha kola ya shati.

Jumamosi, 24 Mei

Naandika nikiwa nimekaa ghalani, mikono ina grisi na ukurasa utachafuka. Hakuna shida.

Kihara alifika kabla ya chai ya saa nne. Ni mtu mkubwa, mchangamfu, mwenye koti la ngozi na viatu safi ambavyo aliviomboleza kila alipokanyaga. Bethwel alikuwa naye, kwa sababu Guka alitaka fundi awepo aseme ukweli wa gari. Kihara alipanda, akazungusha ufunguo. Pikapu iliwaka mara moja, uani, ikiangalia bonde. Akazima, akawasha. Ikawaka.

"Mzee, hii ni kijana," alimwambia Guka. "Inaugua wapi?"

Guka hasemi uongo, hata kwa dalali. Alisema inakataa.

"Basi ilikuwa inaningoja nikuje ndiyo ipone."

Walicheka. Hata Bethwel alicheka, kidogo, akiangalia chini. Mama alikuwa kando ya mlango wa jikoni, mikono imefungwa kifuani. Mimi nilikuwa nyuma yake na voltimita ndani ya sweta. Sijawahi kusema kitu mbele ya watu wazima wanaofanya biashara. Nilisema, "Igeuzwe iangalie mlima." Sauti ilitoka ndogo sana. Wanaume waliendelea kuzungumza.

Mama aligeuka akanitazama. Kisha akatembea hadi kwenye pikapu, akanyoosha mkono, na Kihara akampa ufunguo bila kujua kwa nini. Mama alipanda, akaizungusha uani, akaipandisha hadi pale penye mwinuko karibu na zizi, pua juu. Akazima injini.

Guka alisimama. "Mama Waithera, unafanya nini?"

"Naegesha vile hatuegeshangi," alisema. Akazungusha ufunguo.

Tak.

Akarudia. Tak. Kuku ndio waliosikika.

Bethwel alikuja mbio hadi kwenye boneti. "Hii ndio hiyo?" aliuliza, na nikagundua hajawahi kuisikia kwa masikio yake tangu mwaka jana.

"Ndiyo hiyo," Mama alisema. Kisha akaita jina langu. "Waithera. Kuja uonyeshe."

Nilikwenda. Niliweka voltimita juu ya fenda, juu ya gurudumu la mbele, mahali kila mtu angeuona mshale. Nilishika ncha moja kwenye hasi ya betri, Bethwel akanishikia nyingine kwenye injini bila kuuliza swali. Mama akazungusha ufunguo na mshale ukaruka, ukaenda karibu hadi volti kumi na mbili, ukakaa hapo. Nilieleza kwamba umeme umefika kwenye stata lakini umekosa njia ya kurudi. Nilikuwa nikiongea na mshale, si na watu, na hivyo niliweza kumaliza sentensi.

Nyuma ya kiti kuna zile nyaya nene za kuazima umeme kutoka gari lingine. Nilichukua mmoja, nikafunga upande huu kwenye hasi ya betri, upande ule kwenye chuma cha injini. Nilimwambia Mama awashe.

Ikawaka. Pua juu, karibu na zizi, kwa sauti iliyomfanya ndama aruke.

Guka alishuka polepole hadi karibu yangu. Nilidhani atanisifu, au atauliza huo waya ni wa nini. Alisema, "Rudia."

Mama akazima. Nikatoa waya. Tak. Nikarudisha waya. Ikawaka. Nikatoa. Tak. Nikarudisha. Ikawaka. Mkono wangu haukutetemeka hata mara moja, na nataka hilo liandikwe mahali fulani, kwa hivyo nimeliandika hapa.

"Nani alikufundisha?" Guka aliuliza.

"Mwalimu alinipa mita. Mengine nilisoma. Halafu nikaangalia."

Bethwel alikuwa ameshaingia chini ya gari, viatu tu ndivyo vinavyoonekana. Alikaa huko akigonga na kunung'unika. Alipotoka alikuwa ameshika athi yenyewe, mkanda wa nyaya zilizosukwa, kijani kwa kutu, uliofunikwa na oili na matope. Upande mmoja ulikuwa umebaki na nyuzi chache kama mkia wa panya. Alitueleza kwamba mipira ya injini imechoka, na gari likiangalia mlima injini inalala nyuma na kuuvuta mkanda huo, zile nyuzi zinaachana. Likiangalia chini injini inarudi mbele, nyuzi zinagusana, na kila kitu kinakuwa sawa.

"Mwaka mzima imekaa hapo ikinicheka," alisema. Kisha akamgeukia Mama. "Mathe, mngeniitia kwa Chesang hata siku moja. Kila nikikuja mnanionyesha ikiwa imelala vizuri." Akanigeukia mimi. "Na wewe uliona ni mlima, aje?"

Nilimwambia kwamba niliandika ilipokataa, na mwanzoni hata mimi nilipima ikiwa imelala vizuri, nikakosa. Alionekana kufarijika. Nilifurahi kumwambia.

Kihara alizunguka pikapu tena, sasa bila kujali viatu. Alisema kwamba kama shida ni hiyo tu, basi anaitaka zaidi ya alivyoitaka asubuhi.

"Kihara," Guka alisema, "Rongai ni mbali. Ingia ukunywe chai."

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba pikapu haiuzwi. Mama aliingia jikoni haraka kuweka maji, na nilipomfuata nilimkuta ameegemea ukuta, kitambaa usoni. Aliniambia moshi. Jiko lilikuwa bado halijawashwa. Nilimwomba radhi kwa lile neno la Naivasha. Alisema, "Siku ile niliogopa ukikosea mara ya pili hutasema kitu tena maisha yako yote. Hiyo ndiyo niliogopa." Nilikuwa nimedhani anaogopa maziwa tu.

Bethwel alitengeneza mkanda mpya kutoka waya mnene wa betri ya lori. Alikwangua rangi kwenye bodi hadi chuma kikang'aa, akafunga boliti ya kwanza, kisha akanipa spana. "Kaza hii ingine wewe," alisema. "Ni yako." Nililala chini ya gari, matope mgongoni, nikakaza hadi ikakataa kukazwa zaidi.

Mama aliiwasha ikiwa bado karibu na zizi, pua juu, bila waya wangu. Aliizima akaiwasha mpaka Guka akamwambia amwonee huruma betri. Lakini Guka mwenyewe alipokwisha kumsindikiza Kihara alirudi, akapanda, akaiwasha mara moja, akashuka. Nilimwona akipitisha mkono kwenye boneti.

Jumapili, 25 Mei

Kanisani Mama amewasimulia watu wengi zaidi ya nilivyopenda. Kila aliposema "huyu hapa," nilitazama viatu. Lakini sikuondoka pale.

Mchana nilikuwa chumbani nikifanya hesabu. Chesang alikuja, bado na kofia yake ya kanisani, akasimama uani na Guka. Nilisikia kupitia dirisha. Trekta yake ya zamani inawaka siku moja na kukataa siku mbili, na alitaka namba ya simu ya Bethwel.

"Bethwel wa nini?" Guka alisema. "Fundi yuko hapo ndani na kitabu."

Chesang alicheka, akidhani ni mzaha. Guka hakucheka.

Nilifunga kitabu. Nilivaa gambuti, nikachukua voltimita, ambayo nilikuwa nimepanga kuirudisha kesho, na ule waya mnene wa nyuma ya kiti. Mama alinipa mkoba wa kubebea. Tulitembea na Chesang hadi kwake. Trekta ilikuwa imesimama tambarare kabisa, chini ya paa la mabati. Nilimwomba anieleze kila siku iliyokataa anayoikumbuka, na ilikuwa imefanya nini kabla, nami nikaandika. Kisha nikapima athi huku Chesang akizungusha ufunguo. Mshale haukusogea. Niligeuza ncha za mita, nikapima tena, haukusogea.

Nilimwambia Chesang kwamba si athi, na kwamba bado sijui ni nini. Alisema sawa, akaenda kuweka chai. Nilivuta kigoda, nikakaa kando ya betri, nikaanza kufuata nyaya, mmoja mmoja, tangu mwanzo.